Jina la Ugonjwa na Hesabu ya Wagonjwa: Mfano wa Bonde la Kilombero

Yajulikana kwamba maradhi hayakuenea sawasawa duniani. Malaria haisumbui watu wa milima yenye baridi kama inavyosumbua watu wa mabonde, na kichocho huwapata zaidi wale ambao kazi zao huwaingiza majini. Maradhi ya namna hii huweza kuhesabiwa kwa njia iliyo wazi, kwa kuwa tone la damu au choo kidogo kikiwekwa chini ya hadubini, kiini cha ugonjwa huonekana kwa macho. Lakini yako maradhi mengine yanayogusa ubongo na mwenendo wa mtu, ambayo hadubini haiyaoni. Hayo hujulikana kwa kuuliza, na kuuliza hufanywa kwa maneno. Kwa hiyo atakaye kujua wagonjwa ni wangapi hana budi kujua kwanza watu wenyewe wauitaje ugonjwa huo, na jina hilo lakusanya mambo gani na kuyaacha mangapi nje.

Katika makala haya nakusudia kulieleza jambo hilo kwa mifano miwili. Mfano wa kwanza ni kifafa, ambacho kimechunguzwa kwa zaidi ya miaka 60 katika nchi ya Mahenge na katika bonde la Kilombero lililo jirani yake. Mfano wa pili ni hali ya watoto wasioweza kutulia wala kuzingatia jambo, ambayo madaktari huitaja kwa herufi nne, ADHD. Kifafa kina jina la zamani katika Kiswahili, linalojulikana na kila mtu. Hali ya pili imehesabiwa sana katika nchi za ng'ambo, lakini kwetu haijapata jina moja lililozoeleka. Tukitazama jinsi jina lilivyosaidia, na jinsi lilivyodhuru, katika kuwahesabu wenye kifafa, tutaweza kuona ni tahadhari gani zifaazo kwa hali ile nyingine ingali changa katika lugha yetu.

Mahali penyewe

Bonde la Kilombero limo katika mkoa wa Morogoro, kati ya milima ya Udzungwa iliyo upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge zilizo upande wa kusini-mashariki. Mto Kilombero hupita katikati yake, hufurika wakati wa masika, na mbele huungana na mto Luwegu na kuwa Rufiji. Mji mkubwa wa bonde hilo ni Ifakara. Aliyetaka kutoka Ifakara kwenda Mahenge alivuka mto kwa kivuko, mpaka daraja lilipojengwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2018.

Wenyeji wa nchi hii ni Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na wengineo, na pamoja nao siku hizi wamo Wasukuma na watu wa makabila mengi waliovutwa na mpunga, malisho na mashamba ya miwa. Kiswahili ndicho kiwaunganishacho sokoni, shuleni na hospitalini. Jambo hili lataka kukumbukwa. Huenda mgonjwa akazungumza Kindamba au Kipogoro na mama yake jikoni, lakini mbele ya daktari, na mbele ya mtu aliyeshika karatasi ya maswali, ugonjwa wake hutajwa kwa Kiswahili.

Ifakara imekuwa mahali pa uchunguzi wa maradhi kwa muda mrefu. Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Uswisi, alianza kufanya kazi huko mwaka 1949, na mwaka 1957 maabara ikafunguliwa. Kazi hiyo ndiyo iliyokua mpaka ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Tangu mwaka 1996 watumishi wake wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga, wakiandika waliozaliwa, waliokufa, waliohamia na waliohama.

Msomaji huenda akauliza kazi hiyo yahusu nini kifafa. Jibu ni kwamba hesabu ya wagonjwa peke yake haisemi kitu. Daktari akisema kuwa ana wagonjwa 200, hatujui kama ni wengi au wachache mpaka tujue wametoka katika watu wangapi. Tena hospitali huwahesabu wale tu walioweza kuifikia. Aliyekosa nauli, aliyefichwa na jamaa zake, na yule anayeamini kuwa ugonjwa wake hauponi kwa dawa za hospitali, hao wote hawamo katika daftari la hospitali. Ndiyo sababu uchunguzi uliokwenda kugonga milango ya nyumba una thamani kubwa kuliko ule uliongoja mlangoni mwa zahanati.

Hesabu za kifafa

Mtu wa kwanza kuandika kwa kirefu habari za kifafa katika Mahenge alikuwa daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliyefika Tanganyika mwaka 1959. Huko aliwakuta wagonjwa wengi kuliko alivyotazamia, na wengi wao walikuwa na makovu ya moto. Mwaka 1960 alianzisha kliniki yao, akawagawia dawa zilizo rahisi kama fenobabitoni, na mwaka 1965 akachapisha maelezo yake juu ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Aliandika pia jinsi wagonjwa walivyotengwa, wakala peke yao na kulala mbali na wenzao, kwa kuwa watu waliamini kuwa mate ya mgonjwa huambukiza. Makovu yale ya moto yanaeleweka kwa njia hiyo. Mtu aangukapo karibu na mafiga, na walio karibu wakaogopa kumgusa, moto hupata nafasi ya kumla.

Kliniki hiyo iliwahesabu waliokuja. Uchunguzi uliowafuata watu vijijini mwao ulifanywa baadaye na H. T. Rwiza na wenzake, nao ulichapishwa mwaka 1992. Walichagua vijiji 11 vya wilaya ya Ulanga vyenye watu wapatao 18,000. Wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne na wauguzi walipita wakiuliza maswali yaliyopangwa, na kila aliyeshukiwa alipelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Walipatikana watu 207 wenye kifafa, wanaume 88 na wanawake 119. Wale ambao ugonjwa wao ulikuwa bado hai walikuwa 10.2 katika kila watu 1,000. Lakini kijiji na kijiji havikuwa sawa. Mahali pengine palikuwa na wagonjwa 5.1 katika kila 1,000, na mahali pengine 37.1.

Uchunguzi wa tatu ulikuwa mpana zaidi. Ulifanywa katika sehemu tano za Afrika zilizokuwa na hesabu kamili za watu wao, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Sehemu hizo ni Kilifi katika Kenya, Iganga na Mayuge katika Uganda, Agincourt katika Afrika Kusini, Kintampo katika Ghana, na Ifakara. Waliulizwa habari za watu 586,607. Kilichotafutwa kilikuwa kifafa cha degedege kilicho hai, yaani kile cha kuanguka na kutetemeka mwili. Baada ya kurekebisha hesabu, wagonjwa katika kila watu 1,000 walikuwa 7.0 Agincourt, 7.8 Kilifi, 10.1 Kintampo, 10.3 Iganga na Mayuge, na 14.8 Ifakara. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa duniani kote wenye kifafa kilicho hai ni kati ya 4 na 10 katika kila 1,000. Ifakara basi imepita kiasi hicho, ingawa kule walihesabu aina moja tu ya kifafa.

Neno "kurekebisha" lataka maelezo, kwa kuwa ndani yake mna jambo kubwa. Wagonjwa waliofikishwa mpaka mbele ya daktari na kuthibitishwa katika sehemu zote tano walikuwa 1,711. Tukigawanya idadi hiyo kwa watu wote walioulizwa, tutapata kasoro kidogo ya wagonjwa 3 katika kila 1,000. Lakini hata sehemu iliyokuwa na wagonjwa wachache kuliko zote ilikadiriwa kuwa na 7. Tofauti hiyo ni ya watu waliopotea njiani: ambao mkuu wa nyumba hakuwataja, walioitwa wasije, na walioulizwa kwa maneno ambayo hawakuyatambua kuwa yanawahusu. Wachunguzi walilijua jambo hilo, wakalipima na kulitia katika hesabu. Hivyo twaona kwamba hata katika kazi iliyofanywa kwa uangalifu mwingi, waliojitokeza walikuwa wachache kuliko waliojificha.

Maneno matatu

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Kiswahili cha sehemu hizi kina majina matatu yanayohusu mambo ambayo daktari huyaona kuwa ya jamaa moja.

La kwanza ni kifafa. Wengi walisikiapo neno hili huisikia ndani yake sauti ya kitenzi kufa, nao huliogopa. Likitajwa, mtu huona mbele yake yule aangukaye ghafula, akakakamaa, akatoa povu na kupoteza fahamu. Ni jina zito. Kijana aliyeitwa hivyo huenda akakosa mchumba, na mtoto huenda akaondolewa shuleni.

La pili ni degedege. Neno hili lahusiana na dege, ambalo ni ukubwa wa neno ndege, na imani iliyoenea ni kwamba pepo mwenye umbo la ndege hupita juu ya mtoto na kumtupia kivuli chake. Degedege ni ya watoto wadogo, huja na homa, na mwili hutetemeka na macho hupinduka. Kwa macho ya hospitali, mara nyingi hiyo ni malaria kali iliyopanda kichwani. Wachunguzi waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walieleza jinsi wazazi walivyompeleka mtoto wa degedege kwa mganga kwanza, kwa kuwa iliaminika kuwa sindano ya hospitali ingemwua. Degedege huogopwa kwa kuwa huua upesi, lakini haina aibu. Mtoto akipona, mambo yamekwisha, na wala hakuna amwitaye mgonjwa.

La tatu ni kusinzia kichwa. Katika Mahenge watu walikuwa wakiwatambua watoto ambao kichwa chao hushuka na kuinuka, kushuka na kuinuka, kama cha mtu aliyeshikwa na usingizi, hasa wakati wa kula. Jilek-Aall aliliandika jambo hilo mapema, na baadaye madaktari wengine, akiwemo Andrea Winkler, walilichunguza tena na kulitangaza mwaka 2008. Ugonjwa wa namna hiyo hiyo umeonekana pia kaskazini mwa Uganda na katika Sudan Kusini. Wengi wa watoto hawa hatimaye hupata kifafa cha kuanguka.

Basi tuseme kuwa mtu amefika mlangoni na kuuliza, "Je, katika nyumba hii yumo mwenye kifafa?" Mama ambaye mwanawe husinzia kichwa atajibu hapana, naye hasemi uongo. Baba ambaye binti yake alipata degedege akiwa na miaka miwili, kisha akaanza kuanguka bila homa akiwa na miaka minane, huenda akasema ni degedege iliyorudi, kwa kuwa jina hilo halimharibii binti. Na mzee ambaye kijana wake hukodoa macho na kunyamaza kwa muda mfupi, bila kuanguka, hatakuwa na neno lolote la kujibu. Watatu hawa wote watatoka katika hesabu. Lakini mwulizaji akisema, "Je, yumo mtu aliyepata kuanguka na kupoteza fahamu, au kutetemeka mwili bila kujizuia, au kushusha kichwa mara kwa mara bila usingizi?" majibu yatakuwa mengine. Ndiyo sababu uchunguzi mzuri huuliza kwa kueleza kinachoonekana, na hautegemei jina peke yake.

Tofauti iliyo ya kweli

Lakini si haki kusema kuwa tofauti zote za hesabu ni matokeo ya maneno. Turudi kwenye vile vijiji 11 vya Ulanga. Waulizaji walikuwa wale wale, karatasi ya maswali ilikuwa ile ile, lugha ilikuwa moja, na watu walikuwa na desturi zinazofanana. Hata hivyo kijiji kimoja kilikuwa na wagonjwa mara saba kuliko kingine. Kipimo kikiwa kimoja na matokeo yakawa mbalimbali, sababu haina budi kutafutwa katika nchi yenyewe na katika miili ya watu.

Sababu hizo zimeanza kujulikana. Katika uchunguzi wa sehemu tano, watoto walioonekana kuwa na hatari zaidi ni wale waliopata shida wakati wa kuzaliwa na wale ambao jamaa zao walikuwa na ugonjwa huo. Katika damu za wagonjwa zilionekana pia, zaidi kuliko kwa wengine, alama za kupatwa na vijidudu mbalimbali, na hasa minyoo ya usubi, yaani ugonjwa wa upofu wa mtoni. Minyoo hiyo huenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi, na mito ya milima ya Mahenge ni ya namna hiyo. Waliokuwa na alama za usubi walionekana kuwa na hatari ya kupata kifafa mara mbili na zaidi kuliko wasiokuwa nazo.

Mwaka 2017 wachunguzi walipita tena katika sehemu za Mahenge, wakawaona watu 5,117 katika nyumba 1,168. Wenye kifafa walikuwa 2.5 katika kila watu 100. Katika vijiji vya mbali walikuwa 3.5, na karibu na mji 1.5. Hayo yalionekana ingawa dawa ya usubi, ivermektini, ilikuwa imegawiwa huko kila mwaka kwa miaka 20. Matokeo hayo hayakukaa bure. Tangu mwaka 2019 dawa hiyo imekuwa ikigawiwa mara mbili kwa mwaka katika nchi ya Mahenge. Faida ya kuhesabu vizuri ni hiyo: hesabu ilionyesha mahali, mahali pakaonyesha mto, na mto ukaonyesha la kufanya.

Watoto wasiotulia

Tugeukie sasa hali ya pili. Madaktari wanapotaja ADHD humkusudia mtoto ambaye, kupita kiasi cha umri wake, hawezi kuzingatia jambo, au hawezi kutulia na hutenda kabla ya kufikiri, au ana mambo hayo yote pamoja. Na ambaye hali hiyo imekuwa naye tangu utotoni, yaonekana nyumbani na shuleni, na inamzuia kujifunza na kuishi vizuri na wenzake. Haina kipimo cha damu wala cha picha. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto na kuwauliza mzazi na mwalimu. Ikiwa kifafa, ambacho mtu huanguka mbele ya macho ya watu, kimeweza kukimbia hesabu kwa ajili ya jina, yafaa tutazamie kuwa hali hii isiyo na dalili moja iliyo wazi itakimbia zaidi.

Na ndivyo ilivyo. Katika Marekani mwaka 2022 wazazi waliulizwa, na watoto 11.4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 3 mpaka 17 walisemekana kuwa walipata kutambuliwa na daktari kuwa na hali hiyo. Wavulana walikuwa 15 na wasichana 8 katika kila 100. Lakini katika nchi hiyo hiyo majimbo hayafanani. Kwa miaka ya 2016 mpaka 2019, jimbo moja lilikuwa na watoto 6 katika kila 100, na jingine 16. Mwaka 2007 wataalamu walikusanya chunguzi 102 za duniani, zenye watu zaidi ya 171,000, wakapata wastani wa 5.29 katika kila 100. Kisha walitafuta kwa nini hesabu za mahali na mahali zinaachana sana, wakaona kuwa sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na jinsi uchunguzi ulivyofanywa: aliulizwa mzazi, mwalimu, au wote wawili, ilitakiwa kuthibitisha kuwa mtoto anazuiliwa maishani, au ilitosha kuwa hatulii, na ni kitabu gani cha madaktari kilichofuatwa.

Hilo la kitabu lastahili kutazamwa. Kwa miaka mingi kulikuwa na vitabu viwili vikubwa. Kile cha Marekani kilikubali kumhesabu mtoto asiyezingatia, hata kama ametulia kitini. Kile cha Shirika la Afya Duniani, katika toleo lake la 10, kilitaka kutozingatia na kutotulia vionekane pamoja, na katika mahali zaidi ya pamoja, ndipo mtoto ahesabiwe. Hivyo mtoto yule yule aliweza kuwa mgonjwa kwa kitabu kimoja na mzima kwa kingine. Toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, limekaribiana na maelezo ya Marekani. Watoto hawakubadilika siku ile. Kilichobadilika ni maneno.

Mfano mwingine ni wa tarehe ya kuzaliwa. Katika majimbo ya Marekani ambamo mtoto hutakiwa awe ametimiza umri kabla ya tarehe 1 Septemba ili aanze shule, aliyezaliwa Agosti huwa mdogo kuliko wote darasani, na aliyezaliwa Septemba hungoja mwaka mzima na kuwa mkubwa kuliko wote. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika kila watoto 10,000 waliozaliwa Agosti, 85.1 walitambuliwa kuwa na ADHD, na kwa waliozaliwa Septemba 63.6. Hapana ugonjwa unaochagua mwezi kwa namna hiyo. Yaelekea kuwa baadhi ya watoto walihukumiwa kwa utoto wao, wakipimwa na wenzao waliowazidi karibu mwaka mzima.

Kwa upande wetu, mfano wa karibu ni wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Wachunguzi waliwatazama watoto wenye kifafa pamoja na wenzao wasio nacho, na mwaka 2011 walitangaza kuwa matatizo ya mwenendo yalionekana kwa 66 katika kila watoto 100 wenye kifafa, na kwa 19 katika kila 100 wa wale wengine. Miongoni mwa matatizo hayo, kushindwa kuzingatia kulikuwa kwingi. Basi katika nchi kama Kilombero na Ulanga, ambamo kifafa ni kingi, mambo haya mawili hukutana katika mtoto mmoja. Kuanguka kwake huonekana na watu wote, lakini kushindwa kwake kufuata somo huitwa uzembe. Huenda akapata dawa ya lile la kwanza na fimbo kwa lile la pili.

Jina litakalotungwa

Si kweli kwamba Kiswahili hakina maneno ya kumsema mtoto wa namna hii. Kina mengi, nayo yafundisha. Mtoto asiyetulia huitwa mtundu, mtukutu au machachari. Mtukutu ni neno la kukemea. Mtundu lina pande mbili, kwani fundi hodari wa kuvumbua mambo husifiwa kwa utundu wake. Machachari huenda likawa sifa ya mchezaji mpira. Na mtoto ambaye yuko darasani lakini mawazo yake hayapo, husemwa kuwa amezubaa, au ni mzembe, au ni msahaulifu. Hakuna neno la kila siku linalowaweka pamoja yule asiyekaa kitini na yule aliyekaa kimya akizubaa. Madaktari wamewaweka chini ya paa moja. Kiswahili kimewajengea nyumba mbili zilizo mbali.

Kwa hiyo mwulizaji atakayepita Ifakara akitafuta "watoto watukutu" atarudi na orodha ya wavulana. Wasichana walioketi nyuma ya darasa wakizubaa hatawapata, kwa kuwa hakuwauliza. Tena wazee wetu husema samaki mkunje angali mbichi, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Semi hizi zina hekima yake, lakini zinaweka jambo lote mikononi mwa mlezi. Mama atakayeulizwa kama mwanawe ni mtukutu atasikia kuwa anaulizwa kama amemlea vibaya, na jibu lake litakuwa la kujitetea.

Watunga istilahi wana kazi hapa, na haifai kuifanya kwa haraka. Kifafa kimetuonyesha kwamba jina likibeba hofu, watu hulikimbia na kujificha chini ya jina jingine, na anayejificha hapati dawa. Hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa yasemekana na Shirika la Afya Duniani kuwa wenye kifafa wapatao 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Marekani nayo imetuonyesha upande wa pili, kwamba jina likiwa jepesi mno kutamkwa, huweza kumshika hata yule ambaye kosa lake ni kuzaliwa Agosti. Jina lifaalo litaje kinachoonekana kwa mtoto, lisitaje sababu isiyojulikana bado wala lisimlaumu mlezi. Lakusanye yule asiyetulia na yule aliyezubaa, kama maana yenyewe inavyotaka. Na kabla ya kutiwa katika kamusi lijaribiwe kwa wazazi na walimu, ili ijulikane wanasikia nini walisikiapo.

Mpaka hapo, mwenye kuuliza na aulize kwa maelezo. Aulize kama mtoto huanza kazi asiimalize, kama hupoteza vitu vyake kila siku, kama huinuka wenzake wakiwa wameketi, na kama mambo hayo yamemkosesha masomo au marafiki. Kisha aulize umri wake kamili, na amlinganishe na wa rika lake. Hesabu itakayopatikana kwa njia hiyo katika bonde la Kilombero itaweza kuwekwa karibu na hesabu za mahali pengine, na tofauti itakayobaki itakuwa ya watoto wenyewe na nchi yao. Mwalimu wa Ifakara atakayeisoma ataweza kujua ni wangapi katika darasa lake wanaohitaji kusaidiwa, na ni wangapi ambao ni watundu tu kama watoto walivyo.